Kizazi cha Barabara ya Morogoro

Manzese haikuchorwa na mpima ardhi. Ilijengwa na watu waliokuja Dar es Salaam kutafuta maisha, wakiwamo Wazaramo na Waluguru, wakajibanza kando ya Barabara ya Morogoro. Mwaka 1972 serikali iliachana na sera ya kubomoa makazi ya aina hiyo, na kwa mkopo wa Benki ya Dunia Manzese ikawa miongoni mwa maeneo ya kwanza kuboreshwa. Kijana wa miaka 25 wa siku zile leo anakaribia 80.

Kisukari kilikuwa adimu huko kijijini alikotoka. Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walipima watu wa vijiji sita vya Tanzania. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1989, yalionyesha mgonjwa mmoja hivi kwa kila watu 100. Katikati ya miaka ya 1990 ikapimwa Ilala, jijini Dar es Salaam, pamoja na kijiji cha Shari, Kilimanjaro. Shari wanaume wenye kisukari walikuwa asilimia 1.7, Ilala 5.9. Kwa wanawake tofauti ilikuwa kubwa zaidi: 1.1 kwa 5.7.

Mji ulifanya nini? Watafiti waliwafuatilia watu waliohama Morogoro Vijijini kuja Dar es Salaam, na ndani ya mwaka mmoja tu uzito wao ulikuwa umeongezeka kwa zaidi ya kilo mbili. Jembe lilibaki kijijini. Mjini kuna biashara ya kukaa mezani kutwa, daladala mpaka mlangoni, chipsi za jioni na chai ya vijiko vinne vya sukari, ambayo bado watu huiita chai ya kawaida.

Miguu na macho ndivyo vilivyozoeleka kutajwa kwenye mazungumzo ya kisukari. Ubongo ulisahaulika. Mwaka 1999 utafiti wa Rotterdam, Uholanzi, ulionyesha kuwa wazee wenye kisukari walikabiliwa na hatari karibu maradufu ya kupata demensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya damu, hata ile midogo ya kichwani. Ikishuka mno, nayo huunyima ubongo chakula chake.

Hapa nyumbani, utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mwaka 2010 ulikuta demensia kwa takriban watu 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea. Hukohuko ilibainika kwamba jamaa wengi waliuona usahaulifu huo kuwa uzee tu.

Kwa mwenye kisukari, neno hilo "uzee tu" ni la hatari. Bibi aliyesahau kwamba amekwisha kuchoma insulini anaweza kuchoma tena. Aliyesahau kula akameza vidonge anaweza kuanguka. Basi anayempeleka mzazi kliniki asiishie kwenye kipimo cha sukari. Amweleze daktari kama mzee anarudia swali lilelile, anapotea njia ya sokoni au hakumbuki dawa, na aseme wazi ni nani nyumbani anayemsimamia.