Unyamazishaji wa jeni katika chachu ya pombe

Unyamazishaji wa jeni ni hali ya sehemu ya kromosomu kufungwa hata jeni zilizomo zisisomwe, ingawa DNA yenyewe ipo kamili. Mengi tunayojua kuhusu hali hii yametokana na Schizosaccharomyces pombe, chachu ya seli moja ambayo jina lake la pili ni Kiswahili kitupu. Mjerumani Paul Lindner aliieleza mwaka 1893 baada ya kuipata katika pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki, akaiita kwa jina la kinywaji hicho. Ndivyo neno la vilabuni lilivyoingia katika maabara za dunia nzima.

Chachu hii siyo hamira ya maandazi. Hamira, yaani Saccharomyces cerevisiae, huzaa kwa kuchipua: kichipukizi hutokea ubavuni mwa seli mama, kikakua na kujitenga. Seli ya chachu ya pombe ina umbo la kijiti. Hurefuka kwenye ncha zake, ikitimia kimo hujenga ukuta katikati na kuwa seli 2 zinazolingana, yote hayo kwa saa 2 hadi 4. Ina kromosomu 3 tu, hamira ina 16. Jenomu yake, iliyochapishwa mwaka 2002, ina jozi za besi takriban milioni 14. Urs Leupold wa Uswisi ndiye aliyeasisi jenetiki yake katika miaka ya 1940, na Paul Nurse wa Uingereza aliitumia kuchunguza mzunguko wa seli, kazi iliyomfanya awe mmoja wa washindi 3 wa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2001.

Ukimya hutawala hasa kwenye telomia, ambazo ndizo ncha za kromosomu. Kwenye nakala za akiba za jeni zinazoamua jinsia ya seli. Na kwenye sentromia, yaani kiuno kinachoshikwa na nyuzi za kuvutia kromosomu seli inapogawanyika. Sentromia ndiyo iliyofundisha mengi zaidi.

Mwaka 1994 Robin Allshire na wenzake huko Edinburgh walichapisha jaribio ambalo matokeo yake huonekana kwa macho matupu. Walichukua chachu isiyo na jeni nzima ya ade6, inayohitajika kutengeneza adenini, wakapandikiza jeni hiyo ndani ya sentromia. Chachu iliyokosa kazi ya ade6 ikikuzwa kwenye chakula chenye adenini kidogo hujaa rangi nyekundu. Inayoitumia hubaki nyeupe. Kwenye sahani yakaota makundi mekundu, meupe, na mengine yenye vipande vya rangi zote mbili ndani ya duara moja. DNA ilikuwa ileile katika seli zote. Kilichotofautiana ni kama jeni imefungwa au imefunguliwa, na seli zilirithishana hali hiyo kizazi baada ya kizazi, mara mojamoja zikibadilika.

Kufungwa huko hufanyika kwenye histoni, protini ambazo DNA huzizunguka mithili ya uzi kwenye bobini ya cherehani. Kimeng'enya Clr4 hubandika alama ya methili kwenye lisini ya 9 ya histoni H3. Protini Swi6 huitambua alama hiyo, ikaishika, na eneo zima likajifunga.

Clr4 inajuaje pa kwenda? Jibu lilikuja mwaka 2002 kutoka kwa Thomas Volpe, Shiv Grewal, Robert Martienssen na wenzao katika maabara ya Cold Spring Harbor, Marekani, nalo liliwashangaza wengi. Walipoondoa jeni yoyote kati ya dcr1, ago1 na rdp1, ambazo ni jeni za mfumo wa kuzima jeni kwa RNA ndogo, RNA za sentromia zilirundikana na alama za methili zikapotea. Kumbe sehemu iliyodhaniwa kuwa bubu kabisa husomwa kidogo. Rdp1 huifanya RNA hiyo kuwa ya nyuzi mbili, Dcr1 huikatakata vipande vidogo, na Ago1 hubeba vipande hivyo kurudi mahali vilipotoka, ambako Clr4 huitwa kufanya kazi yake. Sentromia hulazimika kunong'ona ili iendelee kunyamazishwa.

Faida ya ukimya huu huonekana seli inapogawanyika. Swi6 huvuta kohesini, pete ya protini inayozishikanisha nakala 2 za kromosomu mpaka wakati wa kutengana. Swi6 ikikosekana, kromosomu nyingine huachwa nyuma katikati ya seli ilhali zile nyingine zimeshafika kwenye ncha, na seli changa huzaliwa na idadi isiyo sahihi.

Hamira nayo hunyamazisha jeni, lakini kwa protini nyingine, za kundi la Sir. Haina Clr4, Swi6 wala Dcr1, na sentromia yake ni ya jozi za besi 125 hivi. Sentromia za chachu ya pombe zina jozi kati ya 35,000 na 110,000, zikiwa na mafungu yanayojirudia kama zile za binadamu, ambaye pia ana ndugu wa Clr4 na wa Swi6. Kwa anayetaka kuelewa sentromia ya binadamu, chachu ya pombe ni mwalimu bora kuliko hamira.