Ala, Uo na Kava: Historia ya Neno na Kitu katika Kibaha na Kisarawe

Makala hii yahusu neno la herufi tatu tu, ambalo hata hivyo limetupa kazi kubwa. Tuliwahi kuletewa tusahihishe mwongozo wa usalama uliotafsiriwa kwa ajili ya karakana moja huko Kibaha. Ndani yake mlikuwa na agizo kwamba, baada ya kazi, kila kisu kirudishwe katika ala. Mtafsiri alikusudia kifuko cha kutilia kisu. Msimamizi wa karakana, mtu msomi na mwangalifu, alifahamu kwamba kisu kirudishwe pamoja na vyombo vingine vya kazi. Basi kikatiwa kitupu katika sanduku la nyundo na patasi, na kijana aliyepeleka mkono kutafuta nyundo akajikata vidole viwili.

Hatuwezi kumlaumu mtafsiri, wala msimamizi. Kiswahili kina ala mbili. Ya kwanza ni ala ya kisu, jambia au upanga, ambayo wingi wake wa zamani ni nyala, na jirani yake ni uo, wingi nyuo. Ya pili imetoka katika Kiarabu, nayo maana yake ni chombo au kifaa cha kufanyia kazi. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, iliyotokana na kazi ya Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930, iliziandika zote mbili. Katika Biblia ya tafsiri ya muungano ya mwaka 1952, Injili ya Yohana sura ya 18, Petro anaamriwa aurudishe upanga wake alani, na msikilizaji hana shaka hata kidogo ni ala ipi inayotajwa.

Mashaka yalikuja baadaye. Baada ya Baraza la Kiswahili la Taifa kuundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na masomo mengi kuhitaji istilahi, ala ya pili ilipata kazi nyingi. Walimu wa muziki walifundisha ala za muziki, na walimu wa lugha wakafundisha ala za kutamkia, yaani ulimi, meno, midomo na kaakaa. Mwanafunzi akatoka shuleni akiijua ala hiyo peke yake. Ile ya kwanza ikabaki katika hadithi za mashujaa na katika majambia ya Waarabu wa Oman na Unguja, ambayo ala zake hupambwa kwa fedha na masonara. Mtu wa kawaida akitaka kutaja kitu hicho siku hizi husema kava, au mfuko wa kisu.

Hilo ni jambo la kushangaza kidogo, maana kitu chenyewe hakijapotea hata siku moja. Visu vya Kibaha na Kisarawe ni visu vya kazi: panga la mkulima wa mihogo na mikorosho, kisu cha jikoni, kotama ya mgema. Tumfikirie huyo mgema, ambaye methali imemfanya maarufu kwa kutia tembo maji lakini haikumtajia kotama yake. Apandapo mnazi huhitaji mikono yote miwili na miguu yote miwili. Kotama lazima ikae kiunoni, karibu na paja na tumbo, kwa urefu wote wa mti, kupanda na kushuka. Kwa mtu wa namna hiyo ala si pambo. Wala hawezi kuifuata kwa sonara. Aidha, kengee ya kotama ni pana na imepinda, kwa hiyo ala nyembamba iliyonyooka haiipokei. Yafaa iwe na mdomo mpana.

Vitu vya kutengenezea ala rahisi vimo mikononi mwa watu wa sehemu hizo. Penye minazi pana karara, lile gamba gumu linalofunika kole la maua, ambalo lenyewe tayari ni ala iliyoumbwa na mti. Ngozi mbichi ya mbuzi hukunjwa ikiwa na maji, hushonwa kwa shazia na uzi wa katani, kisha hukauka na kukaza. Ila kisu kisikae ndani yake kabla haijakauka, maana kitashika kutu. Penye barabara kuu pana mipira ya ndani ya magari, ambayo hutoka mahali pamoja na makatambuga. Kipande cha bomba la plastiki kikipashwa moto juu ya makaa hulainika, hubanwa kati ya vibao viwili na kushika umbo la kengee. Kisiachwe kikaungua, kwani moshi wake una sumu. Na asiye na hivyo vyote hukunja boksi akalizungushia utepe wa gundi.

Hapa ndipo mtu wa istilahi hujifunza. Ala ya ngozi iliyoshonwa vizuri ina ukanda mwembamba wa ngozi uliotiwa kati ya pande mbili, kwenye mshono, ili makali yakutane na ukanda huo badala ya kukata uzi. Ukanda huo hatujauona na jina katika orodha yoyote ya istilahi tuliyoipitia. Tena, kipande cha mpira wa maji kilichopasuliwa na kuvishwa makali ya panga si ala kamwe: hakina mdomo, na ncha hubaki nje. Anayeviita vyote viwili kava ameficha tofauti ambayo mwenye panga huijua kwa kidole chake.

Kwa hiyo twapendekeza neno ala litumike kwa kifuko chenye mdomo tu, na kile cha kuvika makali kiitwe kinga makali. Katika wingi turudishe nyala: nyala za visu, dhidi ya ala za muziki. Wako wenzetu watakaosema kwamba nyala limechakaa. Twakubali, lakini neno lililochakaa lenye maana moja ni afadhali kuliko jipya lenye maana mbili. Katika umoja, ambamo maneno hayo hayatofautiani, mtafsiri asiache kutaja kisu. Kava libaki kwa vitabu na viti. Ule mwongozo wa karakana tuliurudisha ukiwa na sentensi hii: Kila kisu kitiwe alani mwake, makali yasionekane. Msimamizi aliuliza nyala zenyewe zingetoka wapi, nasi tukampelekea maelezo ya bomba la plastiki.

Kuhusu ule ukanda wa mshono, twasita kati ya papi, ambalo maseremala hulitumia kwa kibao chembamba, na ukanda wa kati. Mafundi viatu na ngozi wa Mlandizi, Maneromango na kwingineko yamkini wanalo jina lao. Mwalimu au mtumishi aliye karibu nao atuandikie kabla orodha haijapelekwa kusanifiwa.