Macho ya Mbung'o

Ukienda Mbuga ya Taifa ya Meru, utaambiwa mapema: usivae bluu wala nyeusi. Mbung'o, au ndorobo ukipenda, watakufuata hadi ndani ya gari. Halafu ukifika unaona vitambaa vya rangi hizohizo vimetundikwa vichakani, vimetiwa sumu. Mimi nikajiuliza: nani alijua kwamba nguo inaweza kumdanganya mdudu?

Historia hii inaanzia mgongoni mwa mtu. Kisiwani Príncipe, chini ya Wareno, msimamizi wa shamba aitwaye Maldonado aliona mbung'o wanapenda kutua migongoni mwa vibarua. Basi vibarua hao, wengi wao waliotolewa Angola kwa nguvu, wakavalishwa vitambaa vyeusi vilivyopakwa ulimbo. Wakilima, wananasa. Mtu akawa chambo.

Huku kwetu, malale iliua zaidi ya watu 200,000 upande wa Uganda wa Ziwa Victoria mwanzoni mwa karne ya 20. Serikali za kikoloni zilihamisha watu, zikafyeka vichaka, zikaua wanyamapori. Jicho la mdudu mwenyewe halikushughulisha wengi.

Jicho hilo lina maelfu ya lenzi ndogo, na chini ya kila moja kuna seli nane za kupokea mwanga. Sita hushughulikia hasa mwendo na mwangaza. Mbili husaidia kutambua rangi. Kisha neva hulinganisha: bluu kiasi gani, kijani kiasi gani? Majani huamsha zaidi upande wa kijani. Kitambaa cha bluu kinapindua hesabu, na mbung'o anakiendea kama anayemwendea ng'ombe. Akikaribia, nyeusi inamvuta atue.

Miaka ya 1980, kule Nguruman, Kajiado, ukabuniwa mtego wa kitambaa cha bluu na nyeusi, rahisi kiasi cha wafugaji kuushona wenyewe. Hakuna kufyeka msitu, hakuna kufukuza mtu kwao.

Kwa mfugaji wa Tharaka au Mbeere, hii si stori ya maabara. Ng'ombe akishikwa na nagana, maziwa yanakauka na karo inakwama. Kwa hivyo ukipita Meru ukaona kitambaa kinapepea kichakani, kiache. Kinafanya kazi ambayo zamani ilibebeshwa mgongo wa kibarua.