Kuomboka ya WITCH na Jibu la Luapula

Mwaka 1984 bendi ya WITCH ya Zambia ilitoa albamu iliyobeba jina la Kuomboka. Jina hilo si la mchezo: ni la sherehe ya Walozi. Kila maji ya Zambezi yanapofunika bonde la Walozi, Litunga, mfalme wao, huhama Lealui na kuelekea nchi kavu ya Limulunga akiwa ndani ya Nalikwanda, chombo kikubwa cha milia myeusi na myeupe chenye sanamu ya tembo juu yake, huku makasia yakienda pamoja na ngoma. Mfalme na watu wake hukubaliana na mto badala ya kugombana nao. Mwanamuziki anayetafuta kisa cha kubeba santuri nzima, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, angepata wapi kizuri kuliko hicho?

Miaka hiyo santuri za namna hiyo zilishazoeleka Ulaya. The Who walisimulia maisha ya mtu mmoja katika Tommy, mwaka 1969. Jethro Tull walijaza pande zote mbili za Thick as a Brick kwa wimbo mmoja tu, mwaka 1972. Vijana wa miji ya migodi ya Zambia walizisikiliza santuri za Waingereza na Wamarekani kwa makini ya mafundi, wakajifunza, wakaongeza ya kwao. Huo ndio muziki tunaouita leo Zamrock.

WITCH walikuwa mstari wa mbele. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, aliitwa Jagari kwa kumfananisha na Mick Jagger. Albamu yao ya kwanza, Introduction, ilifungua njia kwa santuri ndefu za roki nchini mwao, na nakala zake zilitengenezwa Kenya. Nchi hiyo ilikuwa na mchango mkubwa kuliko inavyokumbukwa: hata Musi-O-Tunya, bendi ya Rikki Ililonga, iliishi na kupiga muziki Nairobi kabla ya kurudi nyumbani. Zikafuata In the Past na Lazy Bones!!, ya mwaka 1975. Kwa sikio langu Lazy Bones!! ndiyo kilele chao, kwa gitaa lake la kukwaruza, ngoma zisizo na haraka, na nyimbo zinazobadilika katikati bila kukuomba ruhusa. Ingetoka London, ingeandikiwa vitabu.

Lakini haikutoka London. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, na shaba ndiyo iliyolipa mishahara iliyonunua tiketi na santuri. Vita vya Rhodesia vikavuka mpaka. Mwaka 1978 shambulio la Warhodesia huko Mkushi lilimuua Alick Nkhata, mtangazaji na mwanamuziki aliyewarekodi waimbaji wengi wa vijijini kabla ya uhuru. Amri za kutotoka usiku ziliziumiza bendi zilizoishi kwa dansi la usiku. Disko likaingia, nalo halikuhitaji watu watano jukwaani. Jagari akaondoka, akageukia ualimu wa muziki na baadaye uchimbaji wa vito.

Kwa hiyo WITCH ya Kuomboka ilikuwa na jina lilelile na moyo mwingine. Ladha inayotawala ni ya disko la mwanzo wa miaka ya 1980: vinanda vya umeme vinang'aa, besi inarukaruka, mdundo hautetereki. Wapigaji ni hodari. Patrick Mwondela, aliyejiunga katika zama hizo, ni mpiga kinanda wa kuheshimiwa. Nisichokipata ni ile safari. Jalada linaahidi mafuriko, mfalme na makasia, na ndani tunakaribishwa ukumbi wa dansi. Rais Kaunda alikwisha kuagiza redio ipige muziki wa Kizambia kwa wingi, na majina ya asili yakawa na soko. Siwashutumu kwa hila, ila jina la urithi halitoshi kuufanya muziki uwe wa urithi.

Hapa ndipo mtu wa Nchelenge, mkoani Luapula, ana haki ya kutabasamu. Wakati mabingwa wa Copperbelt, eneo la migodi, wakitafuta uafrika kwenye majalada, mkoa wa Luapula ulikuwa nao mikononi. Kalindula, muziki uliotamba Zambia katika miaka hiyohiyo, una mizizi Luapula, na jina lake ni la chombo: besi ya kujitengenezea, mti na kibuyu, inayopigwa pamoja na banjo za kuchongwa. Kijiji kisicho na umeme kiliweza kuwa na bendi.

Muziki huo haukuota peke yake. Ukisimama kwenye soko la samaki la Kashikishi, ng'ambo ya ziwa Mweru ni Katanga, na Kiswahili cha wafanyabiashara wa Kilwa na Pweto si kigeni ufukweni. Wanaume wa Luapula walikwenda kwenye migodi ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, wakarudi na mishahara na magitaa. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, yaani Likasi, na upigaji wake wa vidole ukasambaa Afrika Mashariki yote. Kalindula ilikulia katika njia hiyo ya wachimba migodi na wauza samaki.

Shalawambe, kundi la ndugu wa ukoo wa Kabwe kutoka Luapula, walilibeba gitaa la umeme bila kuupoteza mwendo wa kijijini. Albamu yao Samora Machel iliwafikia wasikilizaji wa Ulaya mwaka 1989. Haina kisa kimoja cha kuunganisha nyimbo, wala haikukihitaji. Ukiiweka kando ya Kuomboka, miaka mitano tu kati yake, utasikia ni ipi inayojua inatoka wapi.

WITCH wenyewe wamepata heshima yao, japo kwa kuchelewa. Santuri zao za miaka ya 1970 zilitolewa upya Marekani mwaka 2012. Wenzake Jagari wa safu ile ya mwanzo wote wametangulia. Yeye na Mwondela, na wanamuziki vijana, walirekodi albamu ya Zango jijini Lusaka na kuitoa mwaka 2023, na rapa Sampa the Great akaimba humo.

Kalindula haijatafutwa kwa bidii ya namna hiyo. Santuri na kanda zake bado ziko majumbani, kuanzia Mansa hadi Kashikishi, na ng'ambo pia. Mwenye nazo asiziuze kwa mpita njia kabla hazijanakiliwa, na majina ya wapigaji yaandikwe wakati wazee wanaowafahamu bado wapo.