Kuosha na Kuogesha

Mtu akiulizwa ndugu yake aliyeko Uingereza anafanya kazi gani, mara nyingi hujibu: "Anaosha wazee." Jibu hilo linaniuma. Vyombo huoshwa, gari huoshwa, na maiti huoshwa; mwosha huoshwa, walisema wahenga. Aliye hai huoga, na asiyejiweza huogeshwa. Najua vitenzi hivi ni vya ukoo mmoja, na wapo wanaosema "kumwosha mtoto". Lakini kwa mtu mzima mwenye haya zake, kuogesha ndilo neno, kwa sababu ndani yake bado yumo mwenye kuoga.

Kazi yenyewe inalithibitisha. Mhudumu anayeijua hupima joto la maji kwanza, humuuliza mzee kama yuko tayari, humpa kitambaa ajipanguse uso mwenyewe, na sehemu isiyofikiwa bado huifunika taulo. Hapo hakuna kinachofanana na kuosha.

Kuchagua neno la kazi hii kuna uzito zaidi sasa, maana waajiri wanahangaika kupata watu wa kuifanya. Mwaka 2022/23, taasisi ya Skills for Care ilikadiria kuwa Uingereza ilikuwa na nafasi 152,000 zisizo na watu katika huduma za wazee na watu wenye ulemavu. Idadi hiyo imeshuka tangu hapo, lakini Julai 2025 serikali ilifunga mlango wa kuajiri wahudumu wapya kutoka ng'ambo. Waajiri wanawatafuta waliokwisha kuwapo nchini, wakiwemo watu wa makamo, na kuwawekea matangazo kwenye Facebook na katika makundi ya WhatsApp. Waswahili waliolowea huko wamo humo humo.

Tangazo haliwezi kusema tu "tunataka wenye miaka 50 na zaidi"; sheria ya usawa ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi wa umri. Wala kuchagua umri wa watazamaji si njia ya kutegemea: nchini Marekani, Facebook ilikubali mwaka 2019 kuwazuia watangazaji wa ajira wasichague umri wa watakaoliona tangazo. Basi maneno ndiyo yafanye kazi ya kuchagua.

Maneno gani? "Mlezi" silipendi hapa: tunalea watoto, na mzee wa miaka 85 hajarudi utotoni. "Muuguzi" ni mwenye cheti na leseni. "Mtunzaji" hutunza bustani na nyaraka pia. "Mhudumu" linafaa kwa cheo, ingawa mhudumu wa hoteli naye analidai. Lakini tangazo lisianze na cheo. Lianze na kitenzi cha nyumbani: "Umewahi kumuuguza mzazi wako?" Kijana wa miaka 22 atalipita. Mama aliyekesha na baba yake miezi yake ya mwisho atasimama, maana ameulizwa jambo analolijua, na umri wake haukutajwa popote.

Wanaoajiriwa nisingewaita "wazee", jina hilo wanalo wanaohudumiwa. "Watu wazima" ni bora: uzima una utu, afya na ukamilifu.

Na mara baada ya swali lile, tangazo liseme wazi habari za zamu za usiku, malipo, na mgongo. Wa makamo huogopa kusikia "kubeba wazee", wakati asiyeweza kusimama huinuliwa kwa mashine ya kunyanyulia, kwa kawaida wahudumu wakiwa wawili: mmoja akishika kidhibiti, mwingine akimshika mkono na kumweleza kila hatua.