Apolo Kivebulaya na mwanzo wa Kanisa Anglikana katika Ituri

Apolo Kivebulaya alikuwa katekista, na baadaye kasisi wa Kianglikana, aliyetoka Buganda, akavuka mto Semliki mwaka 1896 na kufundisha Injili Mboga. Mji huo mdogo leo unaitwa Boga, nao uko katika teritwari ya Irumu, kusini mwa Bunia. Kanisa Anglikana la Kongo lote, kuanzia Bunia hadi Kinshasa na Lubumbashi, linahesabu mwanzo wake katika safari hiyo moja.

Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864, akiwa pacha. Desturi ya Waganda imewawekea mapacha majina yao: wakiwa wavulana, anayetangulia huitwa Waswa na anayefuata huitwa Kato, baba yao huwa Salongo na mama yao Nalongo. Mtoto huyu alikuwa Waswa. Ujana wake uliangukia wakati wa msukosuko mkubwa wa dini. Uislamu ulikuwa umekwisha kuingia katika ikulu ya Kabaka pamoja na wafanyabiashara waliotoka Zanzibar. Wamisionari wa Kianglikana walifika mwaka 1877, na mapadri Wakatoliki wakawafuata mwaka 1879. Kati ya 1885 na 1887 Kabaka Mwanga aliwaua wafuasi wengi wa Kristo, na kuanzia 1888 vita vya dini viliivuruga nchi nzima. Waswa alisoma kwanza kwa walimu Waislamu, kisha mafundisho ya Wakristo yakamvuta. Alibatizwa Januari 1895 akachagua jina la Apolo, kwa kumfuata yule mhubiri wa Agano Jipya aliyesifiwa kwa ufasaha wake.

Jina lake la pili alipewa na watu. Alikuwa na mazoea ya kuvaa koti jekundu la kijeshi pamoja na kanzu yake nyeupe, na waliomwona wakamwita Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Bulaya. Bulaya kwa Waganda ndiyo Ulaya ya Waswahili. Jina hilo la utani lilimganda maisha yake yote, ingawa mwenyewe hakuwa na chochote cha Ulaya zaidi ya lile koti na vitabu vyake. Mkewe alifariki mapema, na Apolo hakuoa tena.

Mwaka uleule wa ubatizo wake alipelekwa Toro kuwa katekista. Huko mfalme Kasagama alikuwa ameupokea Ukristo, akabatizwa mwaka 1896 kwa jina la Daudi. Kutoka Toro ilionekana nchi ya Mboga ng'ambo ya bonde, chini ya mtawala Tabaro. Walimu wawili Waganda walikuwa wamekwisha kujaribu kufundisha huko. Walipoanza kusema dhidi ya ulevi, hirizi na ndoa za wake wengi, Tabaro alikataza watu kuwapa chakula. Njaa ikawashinda, wakarudi. Mwishoni mwa 1896 Apolo alikubali kwenda mahali palipowashinda wenzake.

Njia kutoka Kabarole huko Toro, karibu na Fort Portal, inapita upande wa kaskazini wa milima ya Rwenzori, inateremka hadi bonde la Semliki lenye joto kali, inavuka mto, kisha inapanda ukingo mrefu wa bonde hadi nyanda za juu za Mboga. Apolo aliipita kwa miguu, naye aliipita mara nyingi maishani mwake. Alipofika alikuta amri ya njaa bado iko palepale. Yeye akachukua jembe akalima mwenyewe. Mtu anayekula jasho lake hafukuzwi kwa kunyimwa chakula, na watu waliomwona shambani wakaanza kusogea karibu na masomo yake. Aliwafundisha kusoma kwanza, kwa sababu katika Kanisa la Uganda la wakati ule aliyetaka ubatizo alitakiwa aweze kukisoma kitabu mwenyewe. Ndiyo maana Wakristo wa mwanzo waliitwa wasomaji.

Kisha ikatokea ajali iliyokaribia kuumaliza utume wake. Siku moja mkuki uliachwa ndani ya nyasi. Dada yake Tabaro alijikwaa, akauangukia, akafa. Tabaro alimshtaki Apolo kuwa ndiye muuaji. Apolo alipigwa, akafungwa, akapelekwa kwa miguu hadi Fort Portal, njia ileile aliyokuja nayo, safari hii akiwa mfungwa. Katika siku hizo za mateso alipata maono ambayo aliyasimulia hadi uzeeni: alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimtia moyo na kumwambia kwamba yuko pamoja naye. Shauri lilipochunguzwa aliachiliwa.

Mtu mwingine angekuona kuachiliwa huko kuwa ruhusa ya kurudi kwao Buganda. Apolo alirudi Mboga, kwa mtu yuleyule aliyemfunga. Kurudi huko ndiko kulikomvunja Tabaro. Alikuwa amemnyima mgeni huyu chakula, na mgeni amelima. Amempeleka gerezani, na mgeni amerudi bila kinyongo. Hatimaye Tabaro mwenyewe aliomba kufundishwa, akabatizwa kwa jina la Paulo, na uadui ukageuka kuwa ulinzi.

Historia ya Kanisa ina mfano unaofanana na huu kwa karibu sana, nao unatoka katika nchi yenyewe iliyowatuma wamisionari Uganda. Waingereza wa kale, Waanglo-Saksoni, nao waliletewa Injili na wageni. Mwaka 597 Agostino alifika Kent akitokea Roma. Kaskazini, katika ufalme wa Northumbria, mmonaki wa kwanza aliyetumwa kutoka kisiwa cha Iona alirudi akilalamika kwamba watu wale ni wakaidi, hawafundishiki. Aidan, aliyekuwa katika baraza lililomsikiliza, alisema mwalimu alikuwa mkali mno kwa watu waliohitaji kwanza maziwa kabla ya chakula kigumu. Basi akatumwa yeye, mwaka 635. Alitembea vijijini kwa miguu, na kwa kuwa hakuijua vizuri lugha ya wenyeji, Mfalme Oswald mwenyewe alimtafsiria. Miaka zaidi ya 1200 inawatenganisha Aidan na Apolo, lakini kazi ni ileile: wa kwanza ameondoka, wa pili amekaa, na aliyekaa ndiye anayekumbukwa kuwa mtume wa nchi ile.

Mwaka 1900 Apolo alipewa ushemasi, na mwaka 1903 ukasisi. Kwa miaka mingi alitumwa kufanya kazi Toro, huku mipaka ya wakoloni ikibadilika nyuma yake. Mboga ilikuwa imehesabiwa pamoja na Uganda, lakini mapatano ya Waingereza na Wabelgiji ya mwaka 1910 yaliufanya mto Semliki kuwa mpaka, na Mboga ikaangukia upande wa Kongo ya Wabelgiji. Kundi dogo la Waanglikana likajikuta limekatwa na Kanisa lao mama, katika koloni ambalo serikali yake iliwapendelea Wakatoliki na ambako Waprotestanti wengine waligawana maeneo ya kazi. Apolo aliliona kundi hilo kuwa mzigo wake. Mwaka 1915 alirudi Mboga, akafanya makao yake huko hadi kufa. Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, lakini heshima hiyo haikumtoa Mboga.

Alikuwa akikaribia umri wa miaka 60 alipoanza kazi iliyomfanya ajulikane mbali zaidi. Magharibi ya Mboga unaanza msitu wa Ituri, makao ya Wambuti, wawindaji na wachumaji ambao majirani zao wakulima mara nyingi waliwadharau na kuwaita Wambilikimo. Kuanzia mwaka 1921 Apolo aliingia msituni, akakaa nao katika kambi zao za vibanda vya majani, akajifunza maneno yao. Hakuwasubiri wahame waje kukaa karibu na kanisa. Aliitafsiri Injili ya Marko katika lugha yao, na mwaka 1932 wa kwanza kati yao wakabatizwa. Mtu aliyeitwa kitu cha Ulaya alikuwa Mwafrika aliyejifunza lugha ya Waafrika wenzake ambao karibu kila mtu aliwapuuza.

Apolo aliandika kumbukumbu za siku zake kwa Kiganda, na maandishi hayo yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Makerere. Kwa sababu hiyo maisha yake hayajulikani kwa kalamu za wamisionari Wazungu peke yao, kama Albert Lloyd aliyeandika vitabu juu yake. Yanajulikana pia kwa kalamu yake mwenyewe.

Mwaka 1933 aliugua sana. Alipotambua kuwa hatapona, alitaka kufia Mboga, na huko ndiko alikofariki tarehe 30 Mei 1933. Aliacha agizo moja kuhusu kaburi lake. Kwa desturi, marehemu wa kule alilazwa kichwa kikielekea mashariki. Apolo aliagiza chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu na wa Kongo yote iliyokuwa bado mbele, ili watakaobaki wajue kwamba Injili haikupaswa kuishia Mboga.

Kwa muda mrefu tumaini hilo la Injili kuvuka Mboga lilibaki bila kutimia. Waanglikana wa Kongo walikuwa wachache, wakiwa wamebanwa katika kona moja ya Ituri na wakiongozwa kutoka Uganda. Kilichowasambaza hasa ni safari za watu wa kawaida. Wenyeji wa Boga walihamia Bunia, Kisangani na miji mingine kutafuta kazi, masomo na ardhi, na walikofika wakaanza kusali pamoja kama walivyosali nyumbani. Mwaka 1972, Kongo ilipokuwa ikiitwa Zaire, ikaundwa dayosisi ya Boga-Zaire, na Philip Ridsdale akawa askofu wake wa kwanza. Mwaka 1980 Boga-Zaire iliungana na Rwanda na Burundi kuwa jimbo moja chini ya Askofu Mkuu Bezaleri Ndahura, na mwaka 1992 Zaire ikapata jimbo lake, Patrice Byankya Njojo akiwa askofu mkuu wa kwanza. Bunia ikawa kituo kikubwa cha Kanisa hilo, na chuo chake cha theolojia kilichokuwa hapo kilikua kikawa Chuo Kikuu cha Kianglikana cha Kongo.

Tarehe 30 Mei ni siku ya kumkumbuka Apolo Kivebulaya, na jina lake limo pia katika kalenda ya watakatifu ya Kanisa la Uingereza. Boga yenyewe imeendelea kupita katika mateso. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, wenye silaha waliishambulia Boga pamoja na Tchabi jirani yake, wakaua watu zaidi ya 50, na maelfu wakaikimbia nchi ambayo Apolo alikataa kuikimbia. Kaburi lake liko katika nchi hiyo, kichwa kikielekea magharibi kama alivyoagiza.