Ukokotoaji wa nyakati za jua kwa upigaji picha

Ukokotoaji wa nyakati za jua ni kutafuta, kwa hesabu, dakika ambayo jua litafika pembe fulani juu au chini ya upeo wa macho mahali na siku maalumu. Programu ndogo za mstari wa amri, kama sunwait, hupewa latitudo na longitudo, kisha hutoa nyakati za mawio, machweo na utusitusi. Sunwait inaweza pia kungoja kimya hadi machweo ndipo iruhusu amri inayofuata, kwa mfano ya kuwasha kamera.

Mawio huhesabiwa kitovu cha jua kikiwa nyuzi 0.833 chini ya upeo, kwa sababu angahewa hupinda mwanga na jua lenyewe lina upana. Wapiga picha hujali zaidi saa ya dhahabu, takriban nyuzi 6 juu hadi 4 chini, na saa ya buluu, nyuzi 4 hadi 6 chini. Majina hayo ya "saa" hupotosha sana: Nairobi jua hushuka karibu wima, na dhahabu yote huisha kwa dakika 40 hivi. Reykjavík, mwishoni mwa Juni, jua halifiki nyuzi 4 chini usiku kucha.

Angalia pia mwelekeo unapoingiza latitudo na longitudo: Dar es Salaam ni nyuzi 6.8 kusini, 39.3 mashariki; ukiandika kaskazini, majibu yatakuwa ya mahali pengine. Programu hudhani upeo ni tambarare, hivyo aliye bondeni katika milima ya Usambara hupoteza jua mapema kuliko jibu linavyosema.